Soko, Jirani na Taa ya Njiani: Uchumi wa Kila Siku Mpakani

Matini ya mazungumzo ya ofisi ya uhusiano wa polisi na jamii na wafanyabiashara, waendesha bodaboda, wakulima na wakazi wa mpaka wa Busia

Tunawashukuru kwa kuacha vibanda na mizigo yenu ili mje kutusikiliza. Tunajua kwamba kwa mfanyabiashara saa moja ni fedha, na hatutapenda kuipoteza.

Huenda baadhi yenu mnajiuliza: polisi na uchumi wapi na wapi? Tulizoea kuwaona polisi wakija kuzungumza juu ya wizi, ulevi na ajali za barabarani, na leo wanataka kutufundisha biashara? Swali hilo ni halali, na jibu letu ni fupi. Tukifungua daftari la malalamiko kituoni, tunakuta kwamba kesi nyingi zinaanzia sokoni. Vijana wawili wamepigana kwenye steji ya bodaboda kwa sababu mmoja ni mgeni. Mkulima anamlalamikia dalali. Wenye maduka wanagombana kwa sababu mmoja amekataa kuchangia mlinzi wa usiku. Watu wa kijiji cha chini wanawashtaki wa kijiji cha juu kwa kuchafua maji. Tukimkamata mtu na kumfungulia jalada tunatibu kidonda tu, na ugonjwa wenyewe unabaki ndani ya mpangilio wa soko. Ndiyo maana leo tumeona vema tuzungumze juu ya ugonjwa.

Tutagusa mambo matatu: aina za masoko, madhara na manufaa yanayomwangukia asiyehusika katika biashara, na vitu vya umma ambavyo hakuna mtu mmoja anayeweza kuvimiliki.

Soko la wengi na soko la wachache

Tuanze na bodaboda, kwa sababu huyu ni mtoto wa ukanda huu. Inajulikana kwamba jina hilo lilizaliwa hapa mpakani katika miaka ya 1960 na 1970, wakati vijana wenye baiskeli walipokuwa wakiwabeba abiria na mizigo kuvuka eneo lililo katikati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda, huku wakiita kwa sauti: boda, boda! Leo neno hilo linatumika Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na mbali zaidi.

Bodaboda ni mfano mzuri wa kile ambacho wanauchumi hukiita soko la ushindani. Wauzaji ni wengi na wanunuzi ni wengi. Huduma ya huyu inafanana na huduma ya yule. Abiria akiona nauli ya mmoja imezidi, anageuka hatua mbili na kumpata mwingine. Hakuna anayeweza kuamka asubuhi na kujipangia bei apendavyo, kwa maana atabaki amekaa juu ya pikipiki yake hadi jioni. Hali ni hiyo hiyo kwa akina mama wanaouza nyanya. Bei ya nyanya haiamuliwi na mama mmoja. Inaamuliwa na mamia ya watu wanaouza na kununua, kila mmoja akitafuta riziki yake.

Lakini soko la namna hii lina masharti. La kwanza ni kwamba watu wajue bei. La pili ni kwamba anayetaka kuingia aweze kuingia, na anayetaka kutoka aweze kutoka. Sharti la pili likivunjwa, ushindani hufa hata kama wauzaji ni wengi. Hapa ndipo polisi wanapoingia. Steji ina haki ya kuandikisha wanachama wake, kuwapa vizibao vyenye namba na kuwaadhibu wanaoendesha wamelewa. Hilo ni jambo jema, na linatusaidia hata sisi katika kuwatambua wahalifu. Lakini steji haina haki ya kumpiga kijana mgeni, kumnyang'anya ufunguo wa pikipiki, au kumtoza fedha zisizo na risiti kwa sababu tu ameshusha abiria mahali hapo. Hayo ni makosa ya jinai, na gharama yake humwangukia abiria ambaye nauli yake hupanda bila yeye kujua sababu.

Sasa tutazame upande wa pili, yaani soko la wachache. Wakati wa mavuno, wakulima wa mahindi huwa maelfu, lakini wanunuzi wenye malori, mizani na fedha taslimu huwa wachache. Pengine katika kijiji kizima yupo mmoja tu. Muuzaji akiwa mmoja, tunasema ana ukiritimba wa kuuza. Mnunuzi akiwa mmoja, huo nao ni ukiritimba, ila ni wa kununua, na mkulima huumia vilevile.

Watu wengi humlaumu dalali kwa moyo mbaya. Sisi tunawaomba muitazame nguvu yake inatoka wapi. Haitoki katika moyo wake. Inatoka katika hali ya mkulima. Mkulima ana mahindi yaliyo na unyevu, hana ghala, hana turubai, mtoto anadaiwa ada ya shule, na hajui bei ya leo ng'ambo ya mpaka. Mtu wa namna hiyo lazima auze leo, kwa bei yoyote, kwa mtu yeyote. Mpeni mkulima huyo turubai la kuanikia, nafasi katika ghala la kikundi na simu ya kuulizia bei, naye dalali yule yule ataongea naye kwa lugha nyingine. Nguvu ya mnunuzi mmoja hupungua pale muuzaji anapokuwa na njia nyingine.

Kuna jambo la tatu ambalo lazima tulitaje. Wakati mwingine wauzaji ni watano au sita, na badala ya kushindana, hukutana na kukubaliana: kuanzia Jumatatu sote tunauza kwa bei hii, na atakayeshusha tutamwadhibu. Au wanunuzi hukubaliana: hakuna kununua zaidi ya bei hii. Kwa macho wanaonekana ni wengi, lakini kwa vitendo wamekuwa mtu mmoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Sheria ya Ushindani tangu mwaka 2006, na Uganda nayo imepata Sheria yake ya Ushindani ya mwaka 2023. Mapatano ya siri ya kupanga bei si ujanja wa biashara. Ni kosa.

Hata hivyo, tusiseme kwamba kila ukiritimba ni uovu. Nguzo za umeme zinazopita barabarani ni za mtandao mmoja. Ingekuwa ni hasara kubwa kama kampuni tatu zingesimamisha nguzo tatu sambamba mbele ya kila nyumba. Kuna shughuli ambazo mmoja huzifanya kwa gharama ndogo kuliko wengi. Lakini kwa kuwa hana mshindani, lazima awepo mtu wa kumwangalia. Kwa sababu hiyo bei ya umeme hupitishwa na mamlaka ya kusimamia sekta hiyo na haiachwi mikononi mwa muuzaji.

Njia ya panya nayo ni soko

Kabla hatujaacha suala la masoko, tuzungumze kwa uwazi juu ya njia za panya. Tunajua kwamba wengi wenu hawapiti huko kwa sababu ni wahalifu. Wanapita kwa sababu wanaamini kwamba njia halali ni ghali na ina usumbufu. Basi tufanye hesabu pamoja.

Chini ya utaratibu uliorahisishwa wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani, wala halipi ushuru wa forodha. Ukaguzi wa afya ya mimea na mifugo unabaki, na kodi nyingine za ndani zinaweza kuwepo, lakini ushuru ule mkubwa unaoogopwa haupo. Isitoshe, kituo chetu cha pamoja huwaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja, ili msafiri asimame mara moja tu.

Linganisheni na njia ya panya. Kule anayekuvusha ni mmoja, au ni kikundi kimoja. Akisema leo nauli imepanda, utamkatalia? Akikuachia mzigo nusu, utakwenda kumshtaki wapi? Akikutishia kwamba atakutaja kwa polisi, utamjibu nini? Mama anayekwepa lango halali anadhani amemkwepa mtoza ushuru, kumbe ametoka katika soko lenye sheria na kuingia katika soko la mtu mmoja ambaye hana mshindani, hana mdhibiti na hana huruma. Na akina mama wamekuwa wakidhulumiwa huko kwa namna ambazo hazisemeki mbele za watoto. Tunawaomba mje langoni. Mkiombwa fedha langoni bila risiti, tuambieni, na jambo hilo tutalirudia baadaye bila kuficha.

Madhara yanayomwangukia jirani

Sasa tuingie katika jambo la pili. Katika biashara ya kawaida kuna watu wawili, anayeuza na anayenunua. Wawili hao wakikubaliana, tunadhani mambo yamekwisha. Lakini mara nyingi yupo mtu wa tatu, ambaye hakuulizwa, hakulipwa, wala hakuwepo, na bado anapata hasara au faida kutokana na mapatano yale. Wanauchumi huziita hizo athari za nje. Mwingereza mmoja wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Arthur Pigou, alilieleza jambo hili kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1920. Alionyesha kwamba pale ambapo gharama ya kitendo haimwangukii anayekitenda, kitendo hicho hufanywa kupita kiasi.

Hatuhitaji kwenda Cambridge kutafuta mfano. Tunao hapa, na wengi wenu mliuishi. Tarehe 5 Machi 2021, mamlaka ya Kenya inayosimamia kilimo na chakula ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania, ikieleza kwamba vipimo vimeonyesha sumukuvu kupita kiwango salama. Malori yalikwama. Bei kwa mkulima ikaanguka. Baada ya siku chache katazo liliondolewa, lakini kwa masharti: waingizaji waandikishwe, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja.

Sumukuvu, ambayo pia huitwa aflatoksini, hutengenezwa na ukungu unaoota katika nafaka na karanga zisizokaushwa vizuri. Haionekani kwa macho daima, haina harufu ya kukuonya, wala haiondoki kwa kupikwa kwa kawaida. Kwa muda mrefu huharibu ini na kuleta saratani. Kwa kiasi kikubwa huua upesi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kutokana na mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafariki dunia. Kwa hiyo anayezuia mahindi mabovu mpakani hana chuki na jirani. Analinda uhai.

Lakini tujiulize: katika siku zile za Machi 2021, nani alilipa? Mfanyabiashara aliyenunua mahindi mabichi, akayafunga katika magunia na kuyauza haraka, alikwisha kupata fedha yake zamani. Hasara ilimwangukia yule mama aliyeanika mahindi yake juu ya turubai kwa siku nyingi, akayageuza mchana na kuyaingiza ndani jioni. Yeye naye alifungiwa soko. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Sifa ya mahindi ya nchi nzima ni kama kapu moja la samaki.

Tutoe mfano wa hesabu ili jambo hili lieleweke. Tuchukulie kwamba mnunuzi yuko tayari kulipa shilingi 1,200 kwa kilo ya mahindi makavu na salama, na shilingi 400 tu kwa mahindi mabovu ya kutengenezea kitu kingine. Lakini hana kipimo, hawezi kutofautisha. Akijua kwamba nusu ya magunia ni mabovu, atatoa bei ya katikati, shilingi 800. Mkulima mwaminifu ambaye kukausha na kuhifadhi kumemgharimu shilingi 900 atasema: hii ni hasara, sitaleta tena. Akiondoka yeye, magunia yanayobaki yote ni mabovu, na bei inaanguka hadi 400. Mmarekani George Akerlof alieleza mwaka 1970 jinsi uovu usioonekana unavyoufukuza wema sokoni, na baadaye mwaka 2001 akatunukiwa pamoja na wenzake Tuzo ya Nobeli ya uchumi.

Dawa yake ni nini? Ni kipimo na kiwango. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kikundi cha wakulima kinaweza kununua kifaa kimoja cha kupimia unyevu na kukitumia kwa zamu. Gunia lililopimwa linauzwa kwa jina lake lenyewe, halibebi dhambi za gunia la jirani. Anayebadilisha cheti, au anayechanganya mahindi mabovu chini na mazuri juu, huyo tumwite kwa jina lake: ni mdanganyifu, na mlango wa kituo uko wazi kwa mwenye ushahidi.

Athari za nje ni nyingi mpakani. Mtu anayehifadhi petroli ya magendo katika madumu chini ya kitanda chake anapata faida peke yake, lakini moto ukiwaka hauulizi ukuta ni wa nani. Anayeoshea pikipiki na malori ndani ya Mto Sio anaokoa gharama ya maji, lakini mafuta na sabuni yanawafuata wanaochota chini, na mto huo unaendelea hadi Ziwa Victoria. Mto haujui pasipoti. Uchafu uliotupwa upande mmoja hunywewa upande wa pili, na hakuna afisa wa uhamiaji anayeweza kuuzuia. Kwa sababu hiyo sheria ya nchi moja haitoshi, na majirani wa pande mbili hawana budi kukaa pamoja.

Tusisahau kwamba kuna athari njema pia. Anayechanja mbwa wake dhidi ya kichaa cha mbwa anawalinda watoto wa jirani. Anayechimba choo kizuri anakinga kijiji na kipindupindu. Mwenye duka anayeacha taa ikiwaka nje usiku anamwangazia mpita njia ambaye hatanunua kitu kwake. Watu wa namna hii hawalipwi kwa mema wanayowafanyia wengine, ndiyo maana ni wachache kuliko wanavyohitajika. Jamii yenye busara huwashukuru, huwasaidia na huwapunguzia mzigo.

Vitu vya wote

Hiyo taa inatuleta kwenye jambo la tatu. Kuna vitu ambavyo ukivitumia wewe, mimi sivipati. Sukari uliyoitia katika chai yako haiwezi kuingia katika chai yangu, na mwenye duka anaweza kuninyima nisipolipa. Hicho ni kitu binafsi, na soko linakiweza vizuri. Kuna vitu vingine ambavyo ukivitumia havipungui, tena huwezi kumzuia mtu asivitumie. Taa ya njiani ni mfano. Ukipita chini yake haipunguzi mwanga wangu, wala haiwezi kuchagua nani amulikwe. Doria ya usiku na amani ya kijiji ni vya namna hiyo hiyo. Mmarekani Paul Samuelson aliandika juu ya vitu hivi vya umma mwaka 1954, na tangu hapo vimekuwa somo kubwa la uchumi.

Shida ya kitu cha umma ni mdoezi. Tuchukulie mtaa wenye maduka 20. Taa moja ya sola inagharimu shilingi 200,000. Kila mwenye duka anaona kwamba taa hiyo ingemfaa kiasi cha shilingi 30,000 kwa mwaka, kwa kupata wateja wa jioni na kuepuka wizi. Jumla ya faida ni shilingi 600,000, mara tatu ya gharama. Lakini hakuna mmoja atakayetoa 200,000 ili apate 30,000. Kila mmoja anasema moyoni: wengine watachanga, na taa ikiwaka itanimulika nami. Wote wakisema hivyo, mtaa unabaki gizani, na asubuhi tunaitwa kuja kuangalia makufuli yaliyovunjwa. Kumbe kila mmoja angechanga shilingi 10,000 tu, kila mmoja angebaki na faida ya 20,000.

Kuna pia vitu vya aina ya katikati: huwezi kumzuia mtu kirahisi, lakini anachochukua kinapungua. Samaki wa Ziwa Victoria ni hivyo. Ziwa ni la Tanzania, Uganda na Kenya, na samaki hana uraia. Mvuvi anayeona sangara mdogo chini ya sentimita 50 anajua kwamba hastahili kumvua, lakini anawaza: nikimwacha mimi, mwenzangu atamchukua kesho. Kwa kuwaza hivyo wote, ziwa linakauka samaki ingawa halijakauka maji. Nchi hizi tatu ziliunda shirika la pamoja la uvuvi mwaka 1994, lenye makao yake Jinja, kwa kutambua kwamba mali ya wote isiyo na kanuni huishia kuwa mali ya asiyekuwepo.

Hapa tunapenda kumtaja mama mmoja ambaye sisi polisi tuna sababu ya kumkumbuka. Elinor Ostrom alikuwa msomi wa Marekani, na mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobeli ya uchumi. Alionyesha kwa mifano ya wavuvi, wafugaji na wakulima wa umwagiliaji kwamba watu wa kawaida wanaweza kuitunza mali ya pamoja bila kungoja amri ya mbali, mradi wanajuana, wana kanuni walizozitunga wenyewe, wanaangaliana, na adhabu inaanza ndogo kabla ya kuwa kubwa.

Lakini kabla hajasifika kwa hayo, mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akichunguza polisi. Katika jiji la Indianapolis yeye na wanafunzi wake walilinganisha mitaa iliyohudumiwa na vikosi vidogo vya jirani na mitaa inayofanana nayo iliyohudumiwa na kikosi kikubwa cha jiji. Wengi walitarajia kikosi kikubwa kishinde. Matokeo yalikuwa kinyume: vikosi vidogo vilifanya kazi sawa au bora zaidi, kwa kuwa askari na wakazi walifahamiana. Kutokana na tafiti hizo yeye na wenzake walisisitiza jambo ambalo tungependa libaki vichwani mwenu leo: usalama hautengenezwi na polisi na kupelekewa mwananchi kama mkate. Usalama huzalishwa na wote wawili. Askari bila taarifa ya mwananchi ni kipofu mwenye bunduki.

Kitu cha umma kikigeuzwa bidhaa

Na sasa tutimize ahadi yetu ya kusema bila kuficha. Kama usalama ni kitu cha umma, basi umeshalipiwa kwa kodi yenu. Kuandikisha malalamiko kituoni hakulipiwi. Dhamana ya polisi hailipiwi. Mwathirika hapaswi kununua karatasi wala mafuta ya gari ili kesi yake ichunguzwe.

Tunajua kwamba mambo hayo yametokea, na yametokea mikononi mwa watu waliovaa sare kama yetu. Hatuwezi kusimama mbele yenu na kukana. Askari anayeomba fedha ili afungue jalada amechukua kitu cha umma akakigeuza bidhaa yake, na kwa kuwa mnyonge hana kituo kingine cha kwenda, amejifanya muuzaji mwenye ukiritimba mbaya kuliko wote. Madhara yake hayaishii kwa aliyeombwa. Jirani yake akisikia, hataripoti wizi. Mwizi akijua kwamba watu hawaripoti, anarudi. Hasara ya noti moja iliyopokelewa kwa siri inalipwa na mtaa mzima. Likiwapata, mwoneni kamanda wa polisi wa wilaya, au kitengo chetu cha viwango vya kazi na nidhamu, mkitaja siku, saa na mahali. Sisi tunawaomba mtushtaki, kwa sababu bila imani yenu hatuna kazi.

Tunayowaomba

Kwa kuhitimisha, tunawaomba mambo machache ambayo kila mmoja anaweza kuyaanza wiki hii.

Wakulima na wafanyabiashara wa nafaka: kausheni, pimeni, na muuze kwa vikundi. Msimlinde mwenzenu anayechanganya mahindi mabovu, maana hamlindi mwenzenu, mnajifungia soko.

Vijana wa bodaboda: tunzeni orodha za steji zenu na muwapokee wageni kwa utaratibu ulioandikwa, si kwa fimbo.

Akina mama mnaovuka mpaka kila siku: ulizeni dawati la biashara mpakani juu ya cheti rahisi kabla ya kumlipa mtu wa kichakani.

Wenye maduka: kutaneni na mwenyekiti wa kijiji, mhesabu maduka, mchange taa, na majina ya waliochanga yabandikwe ukutani ili mdoezi ajulikane kwa kutokuwepo kwake. Ndugu zetu wa upande wa Kenya mnaotumia nyumba kumi, na sisi wa upande huu tunaokumbuka mayumba kumi, tunajua tayari kwamba watu kumi wanaojuana hufanya kazi ambayo watu elfu wasiojuana hawaiwezi.

Kwa dharura pigeni 999 au 112 upande wa Uganda, bila malipo.

Soko likiwa na haki, kituo chetu kitakuwa na kesi chache, nasi hatutasikitika. Siku tutakayokaa kituoni tukinywa chai kwa kukosa malalamiko ya wizi wa mizani na ugomvi wa steji, hiyo ndiyo siku tutakayojua kwamba mazungumzo ya leo yalikuwa na faida.

Sasa tunakaribisha maswali, nasi tutaanza na akina mama walio nyuma, ambao wamesimama muda mrefu kuliko sisi sote.